Liyongo Fumo wa Ozi na Jamaa Zake

(Maneno ya mazungumzo kwa wasikilizaji wa Idsowe na Garsen)



Katika nchi yote iliyo kando ya mto wa Tana, tokea Garsen na Idsowe kushuka mpaka Kipini ambako maji ya mto huingia baharini, ni vigumu kupata jina la mtu wa kale lililoenea kama jina la Liyongo Fumo. Waswahili wa Lamu na Pate humtaja katika nyimbo za ngoma. Wapokomo wanalijua jina lake. Waorma, ambao watu wa pwani zamani waliwaita Wagala, wamo ndani ya kisa chake. Watoto husimuliwa urefu wake, nguvu zake na shabaha ya mishale yake.

Lakini mtu akikisikiliza kisa hicho kwa utulivu ataona jambo moja la ajabu. Mishale haikumwua Liyongo. Askari hawakumwua, wala minyororo haikumzuia. Aliuawa kwa mkono wa jamaa zake, na kila mtego aliotegewa ulifungwa kwa kamba ya ujamaa. Kwa hiyo mazungumzo haya yataacha kidogo habari za nguvu zake, yaeleze habari za watu wake: ndugu aliyemwogopa, mke aliyetafutiwa na wengine, mtoto aliyemchoma, na mama aliyemfuata hata kisimani.

NCHI YAKE NA ZAMANI ZAKE

Liyongo alikuwa mtu wa nasaba ya wafalme katika miji ya Ozi, yaani pwani ile iliyo karibu na Kipini, kabla ya kufika visiwa vya Lamu na Pate. Neno fumo lenyewe ni neno la kale. Maana yake ni mkuki, tena lilikuwa cheo cha wakubwa wa nchi. Wanabahani waliotawala Pate, na baadaye Witu, waliendelea kulitumia katika majina ya wafalme wao hata karne ya 19, kama vile Fumo Luti na Fumo Bakari.

Mji unaotajwa sana kuwa mji wa Liyongo ni Shaka, ulio karibu na Kipini. Katika pwani hiyo hiyo yako magofu ya Ungwana, yenye msikiti mkubwa na makaburi ya mawe, ambayo James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyachimba katika miaka ya 1950 na kuyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966. Mji wa Ungwana ulikaliwa kwa karne nyingi, ukahamwa katika karne ya 17. Siku hizo mto wa Ozi na mto wa Tana ilikuwa na milango mbalimbali. Maji mengi ya Tana yalianza kupita Ozi baada ya kuchimbwa mfereji wa Belezoni katika karne ya 19. Na huko Kipini ndiko linakoonyeshwa kaburi ambalo watu husema ni la Liyongo.

Kuhusu zamani zake wataalamu hawakupatana. Wako wanaosema aliishi kabla ya karne ya 13, na wako wanaomleta karibu hata kufika mwaka 1600. Hao wa pili wamfanya mtu wa zama moja na wafalme wa Uingereza wa ukoo wa Tudor, waliotawala tokea mwaka 1485 hata mwaka 1603.

Mfano wa ukoo huo wafaa kukumbukwa hapa. Henry VII alikipata kiti kwa vita, na nasaba yake haikuwa na nguvu sana. Mwanawe, Henry VIII, alimwogopa kila mtu mwenye damu ya wafalme wa kale. Mwaka 1521 alimkatisha kichwa Edward Stafford, mkuu wa Buckingham, kwa kuwa ukoo wake uliweza kudai kiti. Mwaka 1541 akamwua Margaret Pole, bibi mzee aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, naye alikuwa binti wa ndugu wa wafalme wawili waliotangulia. Na mwaka 1553 Jane Grey, msichana aliyekuwa bado hajapita ujana, aliozwa mtoto wa mtu mkubwa aliyetaka utawala, akafanywa malkia kwa siku chache tu. Mwaka uliofuata akauawa. Msichana yule hakuwa na kosa kubwa ila kuzaliwa katika ukoo ule na kuozwa kwa shauri la wengine. Msikilizaji akiyashika mambo hayo, hatastaajabu atakaposikia yaliyotendeka Ozi na Pate.

UGOMVI WA URITHI

Katika masimulizi mengi mfalme aliyeshindana na Liyongo aitwa Daudi Mringwari. Wengine humwita ndugu yake, wengine humwita binamu yake. Katika utendi mashuhuri ulioandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu, mfalme huyo yuko Pate. Katika masimulizi mengine yuko Shaka. Hata hivyo wote wapatana juu ya jambo moja: wawili hawa walikuwa watu wa nyumba moja.

Wataalamu wengine wameona ndani ya ugomvi huu desturi mbili za urithi zilizokutana katika pwani. Kwa desturi moja, mrithi wa mfalme ni mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake, kwa sababu tumbo la dada halina shaka. Kwa sharia ya Kiislamu, mtoto wa kiume hurithi kwa baba yake. Nchi inayoacha desturi moja na kushika nyingine hupitia wakati wa hatari, kwa maana mtu mmoja hupata haki kwa desturi ya jana, na mwingine hupata haki kwa sharia ya leo. Kila mmoja huamini kwa moyo safi kwamba yeye ndiye anayedhulumiwa. Ugomvi wa namna hiyo hauishi kwa maneno, maana kila upande una wazee wake wa kuushuhudia.

Tena Mringwari alikuwa na kiti, lakini Liyongo alikuwa na watu. Alipendwa kwa ushujaa wake, na kwa nyimbo zake pia, kwani masimulizi humtaja kuwa mshairi, na nyimbo nyingi za ngoma ya gungu huhesabiwa kuwa zake. Mfalme anayekaa juu ya kiti huku watu wakimwimba mwingine hapati usingizi.

NDOA YA KWA WAGALA

Husimuliwa kwamba Wagala walikuja Pate kununua chakula. Mfalme, katika kuzungumza nao, akawasifia Liyongo, nao wakataka kumwona. Akaitwa. Alipofika akapiga panda, wakashtuka; kisha akatua mkoba wake akatoa vitu vyake vya safari: kinu na mchi, vyungu, mawe ya kusagia na mafiga matatu. Mizigo ambayo watu wengi wangaliibeba kwa zamu, yeye aliibeba peke yake begani.

Wageni wale walimwogopa, kisha wakamtamani. Wakamwomba mfalme awape mtu yule wamwoze binti yao, wapate mbegu ya shujaa katika kabila lao. Shauri likafanywa, ndoa ikafungwa, akazaliwa mtoto mwanamume.

Hapa inafaa kutua kidogo. Ndoa baina ya watu wa mto na wafugaji wa nyika si jambo la aibu wala la ugeni. Zimekuwako tokea kale, na zimeokoa watu katika njaa na katika vita. Lakini ndoa hii ilikuwa na kasoro tokea mwanzo. Aliyeiomba alitaka nguvu, na aliyeikubali alitaka kuwapendeza wateja wake. Hakuna masimulizi yanayotaja neno hata moja la yule binti. Jina lake halikuhifadhiwa. Mtoto aliyezaliwa alikuwa ametakiwa na watu wengi kabla hajazaliwa, na kila mmoja alimtakia kazi yake.

MIKOMA NA GEREZA

Hofu ya mfalme ilizidi. Liyongo akaondoka akaishi bara pamoja na Watwa, wawindaji wa mwituni. Mfalme akawapelekea watu hao ahadi ya fedha ili wamwue. Nao, kwa kuwa hawakuweza kumkabili uso kwa uso, wakafanya kikoa cha makoma: kila siku mmoja wao apande mkoma kuangusha matunda, na zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu ya mti. Watu wa Tana wanaijua mikoma jinsi ilivyo mirefu na jinsi shina lake lisivyo na mahali pa kujificha. Zamu yake ilipofika, Liyongo hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale, yakawatosha wote. Wakajua kwamba ametambua.

Baadaye alikamatwa akatiwa gerezani, akafungwa minyororo, na siku ya kuuawa ikawekwa. Mamake, ambaye jina lake ni Mbwasho, alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa mjakazi aitwaye Saada. Walinzi walikuwa wakila kila kilichokuwa kizuri na kumwachia mabaki. Liyongo akamwimbia Saada wimbo wa mafumbo ampelekee mama: afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mama akafahamu. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakamwachia mfungwa.

Kisha Liyongo akaomba kabla ya kufa achezewe ngoma ya gungu. Ngoma ikachezwa nje ya gereza, naye akafundisha nyimbo kutoka ndani. Na katika kishindo cha ngoma na matoazi akaikata minyororo kwa tupa. Walipomwona mlangoni amesimama, kila mtu alitafuta njia yake.

Wasikilizaji wataona kwamba katika sehemu hii yote waliomwokoa ni wanawake wawili, mzazi na mtumwa. Hakuna aliyewaahidi fedha, wala cheo, wala mchumba. Saada, kwa jinsi ya dunia ya siku zile, hakuhesabiwa kuwa jamaa hata kidogo. Alikuwa mali ya nyumba. Hata hivyo alibeba siri ambayo, kama ingalijulikana, ingalikuwa kifo chake. Mfalme alikuwa na hazina ya kununulia watu, lakini haikumpitia moyoni kumnunua msichana abebaye kapu la mikate.

MTOTO

Baada ya hapo mfalme alifahamu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Akamtafuta aliye karibu. Yule mtoto wa mama wa Kigala alikuwa amekua kijana. Mfalme akamwita Pate, akamkirimu, akamwambia kwamba akiipata siri ya kumwua babake, atamwoza binti yake na kumpa cheo kikubwa.

Ahadi hii yastahili kupimwa vizuri. Mfalme hakumwambia kijana, "Uvunje ujamaa." Alimwambia kwa maana, "Acha ujamaa huu, uingie katika ujamaa ulio bora kuliko huu." Kijana aliyezaliwa katika ndoa ya mapatano, aliyesikia tokea utotoni kwamba yeye ni mbegu iliyoombwa, alionyeshwa ndoa nyingine ya mapatano, akaona ni jambo la kawaida.

Akaenda kwa babake, akakaa naye, akamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Husimuliwa kwamba Liyongo aliingiwa na shaka, akamwonya mwanawe kwamba wale waliomtuma hawatamtimizia ahadi. Hata hivyo alimwambia ukweli: silaha zote hazimdhuru, ila sindano ya shaba akichomwa kitovuni.

Kwa nini alisema? Wasimuliaji wengine hulipita swali hili haraka. Lakini mtu aliyeutambua mtego wa makoma angaliweza kumdanganya kijana kwa urahisi. Huenda alichoka kujilinda na watu wa nyumba yake. Huenda aliona kwamba akianza kumficha mwanawe, atakuwa amekubali kuwa hana mtoto, na neno hilo lilikuwa zito kwake kuliko sindano. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Liyongo aliijua methali hiyo kwa mwili wake, lakini nguo hakuivua.

Kijana akaenda Pate akatengenezewa sindano ya shaba, akarudi. Babake akampokea. Mara ya kwanza moyo wake ulimkataa. Akangoja hata babake aliposhikwa na usingizi mzito, akamchoma kitovuni, akakimbia.

KISIMANI

Liyongo aliamka kwa uchungu. Akatwaa upinde wake na mishale yake, akaenda hata karibu na kisima ambako watu wa mji waliteka maji. Akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akauvuta. Na roho ikamtoka akiwa katika hali hiyo, macho yameelekea njia.

Watu waliokuja kuteka maji walimwona, wakarudi mbio. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mji mzima ukapata kiu kwa ajili ya maiti, kwa maana hawakujua kuwa amekufa, na kila mtu aliyeshiriki katika kumwinda aliona kwamba mshale ule umeelekezwa kwake.

Hapo wakamwendea Mbwasho, mama mtu, wamwombe akamtulize mwanawe. Watu hao ndio waliomfunga mwanawe na kumwekea siku ya kufa. Angaliweza kuwaacha wakauke. Lakini alikwenda, akisimama mbali na kumbembeleza kwa maneno na nyimbo, kila siku akidhani mwanawe amekasirika. Mwisho mwili ulianguka, nao wakajua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; na katika mji ule wote ni yeye peke yake aliyekwenda kisimani kwa ajili ya Liyongo mwenyewe, wengine walikuwa wakitafuta maji.

Na yule kijana? Kila msimuliaji hummalizia kwa njia yake, lakini hakuna hata mmoja anayempa ile arusi. Kwa jinsi wengine wasimuliavyo, mfalme alimkataa, kwa kuwa aliyemwua babake hawezi kuaminiwa na baba mkwe; naye alipokimbilia kwa jamaa za mamake, nao hawakumtaka. Aliahidiwa jamaa mpya, akapoteza wote aliokuwa nao.

MAANA YAKE KWA WATU WA MTO

Edward Steere, padre wa misheni ya Unguja aliyekuwa askofu baadaye, alikichapisha kisa cha Liyongo katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Miaka 43 baadaye Kijumwa aliuandika utendi wake. Ndipo walimu na wanafunzi wakakisoma katika shule za Kenya na Tanzania. Watu husifu nguvu za Liyongo, na ni haki yao. Lakini habari ya jamaa zake ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya kila nyumba.

Mara tatu katika kisa hiki ujamaa ulifanywa bidhaa. Wagala waliutaka kwa ajili ya mbegu. Mfalme aliutoa kwa ajili ya biashara. Kisha akautoa tena kwa ajili ya mauaji. Mara zote tatu walionunua walipata hasara: Wagala hawakupata shujaa, kijana hakupata mke, na mfalme alipata mji usioweza kuteka maji. Ujamaa uliosimama ni ule ambao hakuna aliyeuwekea bei.

Katika bonde la Tana jambo hili si hadithi ya kale tu. Katika mwaka 2012 na mwanzo wa mwaka 2013 mapigano ya watu wa Tana Delta, wakulima na wafugaji, yaliua watu zaidi ya mia moja na kuchoma vijiji. Miongoni mwa waliopigana walikuwako watu waliokunywa maji ya mto mmoja, wakauziana maziwa na mahindi, na wengine wakaoana. Ndoa na biashara peke yake hazikutosha kuwazuia. Siku ya ugomvi kila mtu aliulizwa ni wa upande gani, kama kijana wa Liyongo alivyoulizwa Pate. Wahenga husema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, nao wakipatana uchukue kikapu ukavune. Lakini katika magomvi kama haya hakuna anayevuna, maana shamba lenyewe huwa limechomwa, na ng'ombe wameuawa.

Liko neno moja lililo katika uwezo wa kila nyumba ya Idsowe na vijiji vya jirani. Wazee wangali wanajua ni nani aliyeolewa upande wa pili wa mto, ni nani aliyelelewa na mjomba katika maboma ya Waorma, na ni jina gani la Kiorma lililo katika ukoo wa Kipokomo. Majina hayo yaandikwe katika daftari wakati wenye kuyajua wangali hai, pamoja na majina ya wanawake. Yule binti wa Kigala alikuwa mke wa shujaa na mama wa mtoto aliyeugeuza mji, lakini leo hakuna awezaye kumtaja kwa jina lake. Kijana akijua jina la bibi yake mzaa mama, na boma alikotoka, hatakuwa mwepesi kulitia moto boma hilo atakapoambiwa kwamba si lake.